Nyasi za Buluu Chini ya Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa kabla ya kuanza! Jana baada ya ibada, watu hawajamaliza hata kushikana mikono mlangoni, wifi yangu alisimama katikati ya ua wa kanisa akatangaza kwamba Mama atahamia kwake. Mama ni mama mkwe wangu, aliyemzaa mume wangu na kumzaa wifi huyo huyo. Nyumba ya Mama ina ngazi, magoti yamegoma, na macho yanamwonyesha ukungu mtupu. Hawezi tena kukaa peke yake. Hilo tunakubaliana sote. Tusilokubaliana ni aende wapi.

Wifi ni muuguzi mstaafu. Bafu lake lina vyuma vya kujishikia. Ana televisheni pana kama mlango. Ana kiti kinachojilaza chenyewe ukibonyeza pembeni. Alivitaja vyote, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya ndoa.

Mama akamkata kauli. Akasema yeye si kabati la kuhamishwa. Atakaa siku chache kwa binti, atashinda siku moja kwa mwana, ataomba, kisha atakwenda pale roho yake itakapotulia. Nikasema amina. Nadhani niliisema kwa nguvu mno, maana mzee wa kanisa aligeuka.

Niandike ukweli hapa, hapa hasomi mtu. Namtaka Mama. Si kwa ajili ya sifa. (Kidogo kwa ajili ya sifa.) Watoto wetu wameoa, wameolewa, wametawanyika. Mume wangu anaondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na maneno matano, na mawili kati ya hayo ni "kuna chai?" Kutwa nzima tunaongea mimi na cherehani. Mama ndiye aliyenifundisha kukunja upindo, nilipoolewa sijui hata kutunga uzi. Nikimpata, nitakuwa na mtu wa kumpa habari ikiwa bado ya moto.

Lakini nitashindanaje na kiti kinachojilaza? Mimi nina chumba kidogo, na dirisha linalotazama kipande cha ardhi kikavu kinachopigwa na jua mchana kutwa.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua akili, pasi ikiwa mkononi. Mama ana hadithi yake moja. Ujanani alikuwa dobi wa hospitali. Kando ya kamba za kuanikia mashuka kulikuwa na nyasi za buluu. Buluu kweli, kama moshi wa asubuhi. Kila shina limejiviringa kama kalunguyeye aliyelala. Akisubiri mashuka yakauke, alikuwa akichuma jani moja na kulisokota kati ya vidole. Jina la nyasi zile hakuwahi kulijua. Anasema atakufa na swali hilo mdomoni.

Nitazitafuta. Nitalijua jina. Nitazipanda chini ya dirisha. Televisheni ijitetee yenyewe!

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa muuza miche, nyuma ya kituo cha mafuta. Watu humwita Profesa, kwa sababu ya miwani tu. Nikamweleza: nyasi, buluu, kalunguyeye. Nilijua atanicheka. Hakucheka. Akasema hiyo ni festuka, mama yangu, festuka ya buluu, nyasi ya mapambo, ng'ombe akiila umepata hasara.

Festuka! Nimelitamka njia nzima. Linasikika kama jina la malkia, au la dawa ya kikohozi.

Jina nimepata, nyasi zenyewe ndiyo mtihani. Nyuma ya mapipa alikuwa na trei moja ya miche ambayo kibandiko chake kimeliwa na jua. Akakiri kwamba huenda ni festuka, huenda ni nyasi nyingine iliyojipenyeza, kwa maana rangi peke yake si ushahidi, ziko nyasi nyingi zinazojipaka buluu. Akanifundisha kupima. Kwanza jani. La festuka limejikunja lenyewe urefu wote, jembamba kama uzi mgumu, ukilisokota linazunguka. La nyasi ya kawaida ni bapa, litagoma. Pili, mwendo. Festuka inatulia shinani pake, haitambai chini kwa chini kuvamia ya jirani. (Nikamwambia basi ina adabu kuliko wifi yangu.) Tatu, maua, vimashuke vyembamba vinavyosimama juu ya majani. Ila hayo, akasema, yatakuja yakitaka yenyewe, labda baada ya miezi.

Nikachuma jani, nikasokota. Mungu wangu! Likazunguka kama sindano. Na sindano nimeishika maisha yangu yote, vidole hivi havidanganyiki. Nikachukua trei nzima.

Masharti yake: jua tele, udongo usiotuamisha maji, mbolea kidogo au usiweke kabisa. Ukiibembeleza inaoza. Usipoibembeleza itakaa na wewe miaka. Ikizeeka inapata upara katikati, ndipo unaing'oa, unaigawa, unaipanda upya. Nikasema nyumbani ninaye mmoja mwenye upara wa hivyo hivyo, sijui naye akigawiwa atachipua? Profesa akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye ndoo.

Nageuka, nani yuko kwenye mawaridi? Wifi! Akauliza kulikoni, wifi, umekumbatia nini hicho kama mtoto wa siku moja. Ulimi ukatangulia akili. Nikasema vitunguu. Vitunguu vya majani. Akachungulia. Wifi anaujua kila mshipa wa binadamu, ila kwenye mimea yeye huona mboga na maua, basi. Akasema vizuri, vikishika atapita kuchuma, atakuwa anampikia Mama supu kila siku. Nikasema karibu sana.

Uongo mdogo wa bustanini. Nimetubu nikiwa bado njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda! Nimechanganya udongo na mchanga na kokoto ndogo, nikaacha nafasi ya mkono mzima kati ya shina na shina. Mume wangu alisimama akitazama. Akasema nyasi anazijua, huota zenyewe, hajawahi kuona mtu akizitolea jasho. Nikamwambia ni siri, ni kwa ajili ya Mama. Akasema basi yeye hajaona kitu. Huyo ndiye mume wangu. Ukimpa siri anaisahau, ndiyo maana haivuji.

Leo sikushona sana. Nilitandika gunia nikalala kifudifudi kuzitazama. Nilikata jani moja kwa wembe nikaliweka chini ya kioo changu cha kukuzia, kile cha kutungia uzi. Kumbe limekunjwa kati! Pande mbili zimegusana sawasawa, kama upindo wa leso ya hariri. Mimi upindo kama huo unanichukua asubuhi nzima, tena nikiwa na pasi. Hili limekunjwa na nani? Lini? Na kwa nini? Labda limejifunga ili jua lisilinyonye maji. Labda linaona haya. Nililala pale nikiwaza mpaka mteja wa sketi akanikuta, akapiga kelele akidhani nimezirai. Nikamwita aje aone. Akainama, akaona. Akasema ajabu ya Mungu kweli, na sketi yake je?

Kumwagilia ni jaribu kubwa. Ndoo ipo, mkono unawasha. Nimejizuia kwa sala.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu jana Mama yuko kwa wifi. Wiki ijayo, Jumamosi, ni zamu yangu.

Malori ya kokoto yamepita barabara yetu tangu asubuhi. Vumbi mpaka kwenye chai. Nikazikimbilia nyasi zangu, na kweli, zimefunikwa na unga mweupe-mweupe, jani zima, shina hadi ncha! Mimi ni mtu wa usafi. Mama akija akute nyasi zina vumbi, atasema nini?

Nikachukua kipande cha flana, nikakilowesha, nikaanza kufuta. Jani moja moja, kutoka chini kwenda juu. Kitambaa kikatoka na unga wa kijivu. Nikasuuza, nikarudi. Kadiri nilivyofuta ndivyo ulivyotoka. Maskini nyasi, kumbe zilikuwa chafu kiasi hiki, na Profesa anaziuza hivyo hivyo! Niliimba mapambio yote ninayoyajua, nikayarudia. Nilipomaliza giza lilikuwa limeingia, sikuweza kuona vizuri, lakini zilikuwa laini mkononi na zinateleza. Mgongo umekufa. Moyo umejaa.

Jumapili, 9 Machi

Kijani!

Zote. Kijani cha kawaida, kile cha kando ya mtaro. Niliziona asubuhi nikienda kanisani, nikarudi ndani kuvaa miwani, nikatoka tena. Kijani. Sikusikia neno la mahubiri. Nilisimama wakati wa kukaa.

Nimetapeliwa. Alizipaka rangi! Kila nikikumbuka ule unga kwenye kitambaa, presha inapanda. Mtu mzima, mwenye miwani, anakaa nyuma ya mapipa anapaka nyasi rangi! Na mimi nimelala kifudifudi kuzisifu.

Wifi akapita tukiwa tumetoka tu kanisani, pua imeziba kwa mafua, anakuja kwa mguu wa vitunguu. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nikamwambia chukua, wifi, kata zote, mimi sina haja nazo. Nikajiambia moyoni atanusa, atajua. Nikasahau yale mafua. Akaingia ndani, akatoka na mkasi wangu. Mkasi wa kitambaa! Mkasi ambao mume wangu hathubutu hata kuusogeza! Akanyoa mashina yote mpaka yakabaki kama vichwa vya watoto wa shule, akafunga fungu zuri, akanishukuru, akatualika chakula cha jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Ngoja nipumue.

Jana jioni tulikwenda. Tukaketi. Wifi akaleta supu, na juu yake amenyunyiza nyasi zangu, amezikatakata kama muuguzi alivyo, zote urefu mmoja. Akaninong'oneza kwamba leo tunakula vitunguu vyangu, nimevilea vizuri. Nilitaka kusema. Mume wangu akatia kijiko mdomoni, akatafuna. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Hakusema lolote, kwa sababu kwetu uzi kwenye chakula si habari. Wifi akasema vina ukakamavu, ni dalili ya madini. Mimi nilikunywa mchuzi kwa kuchuja na meno.

Mama akaacha kula. Akachomoa kipande cha jani kilichomnasa kwenye jino. Alikishika. Akakisokota kati ya vidole, polepole, huku na huku. Uso wake ukabadilika. Nikadhani anaugua! Wifi akaanza kuinuka kufuata kipima presha. Mama akamwonyesha kwa mkono akae. Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, hii umeitoa wapi, mwanangu? Hiki si kitunguu. Hizi ndizo nyasi za kwenye kamba. Zile zangu.

Na wifi, bila kupepesa jicho, akasema bustanini kwangu, Mama.

Bustanini kwake! Kwake kuna saruji na kamba ya nguo!

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Maana nitasema nini? Nikisema ni zangu, nitakuwa nimekiri kwamba nilijua ni nyasi, na nimekaa hapa nikamtazama mama mkwe wangu, mwenye miaka yake yote, akila majani ya mapambo. Mama akamshika binti yake mkono, akamwambia Mungu akubariki, umenikumbuka. Machozi yakamtoka. Hata mimi yakanitoka, ila yangu yalikuwa ya aina nyingine.

Halafu kitu kimoja hakinipi usingizi. Kama nyasi zilipakwa rangi, vidole vya Mama vimezitambuaje?

Jumatano, 12 Machi

Nimemwendea Profesa nimeiva kwa hasira. Nikatandaza kitambaa cha flana mbele ya wateja wake, nikamwambia rangi yako hii hapa. Akakinusa. Akauliza nimefanya nini hasa. Nikamweleza. Akavua miwani, akakaa juu ya mfuko wa mboji, akatikisika mabega bila sauti.

Kumbe ule unga ndio buluu! Si vumbi, si rangi. Ni nta, nyasi inaitoa yenyewe mwilini, kama ile ya juu ya jani la kabichi ambalo maji hukimbia yakawa vidonge. Jani lenyewe chini ni kijani. Ukiifuta nta umeifuta buluu. Akasema amewahi kuona watu wakizizamisha nyasi, wakizichoma kwa mbolea, wakizifunika kivulini, lakini kuziogesha, hapana, mimi ni wa kwanza.

Nikamwuliza kwa upole, nikizikata? Akasema ukizikata zitakushukuru, majani mapya yatakuja na nta yake mpya.

Nikarudi nyumbani nusu nakimbia. Nikapiga magoti. Katikati ya kila kichwa kilichonyolewa kuna ncha ndogo. Buluu! Buluu ya moshi! Nimezitazama bila kugusa. Mikono niliiweka nyuma ya mgongo, nikaishikilia yenyewe kwa yenyewe.

Ni festuka. Sasa naapa.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi amekuja bila kubisha hodi. Anaingia moja kwa moja kwenye jambo, ndiyo tabia ya wodini. Mama anataka kupelekwa kuzishika nyasi zikiwa hai. Kila saa anauliza ziko upande gani wa nyumba. Wifi amemwambia zimelala. Sasa anaomba mashina yangu, yote, ayapande kwake kabla ya kesho.

Nikamwambia hata kwa bunduki. Akasema sawa, basi atamweleza Mama nani aliyempa nyasi akasema ni vitunguu. Nikasema nami nitamweleza Mama kuhusu bustani ya saruji. Tukatazamana. Cherehani ilikuwa katikati yetu. Akasema mimi ni mjanja sana. Nikamwambia nimejifunza kwake. Akasema supu ilikuwa nzuri hata hivyo. Nikasema chumvi ilizidi. Tukaagana kwa kuulizana hali za watoto, maana sisi si watu wa ugomvi.

Mpango wangu: Mama akija Jumamosi asizione. Zikiona jua wiki mbili tatu zitakuwa ndefu, hapo nitazifunua kama kitu kipya, kama ndiyo kwanza nimezipata. Hakuna atakayeuliza habari za supu. Mungu atanielewa. Nimetafuta mabeseni.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amekuja! Nilipanga aketi ndani, karibu na cherehani. Akasema anataka jua. Nikasema nje kuna inzi. Akasema inzi anawajua. Akatoka na fimbo yake mpaka chini ya dirisha, akavuta kigoda, akaketi katikati ya mabeseni niliyozifunikia nyasi, kama mwenye genge anayesubiri wateja.

Nilishona huku moyo uko mdomoni. Tulizungumza kupitia dirishani. Jambo lolote lililonijia nilimpa, naye akalipokea na kunirudishia lingine. Nilimweleza kuhusu bi harusi aliyenenepa kati ya vipimo na harusi. Akaniambia kuhusu daktari aliyepoteza kaptura yake kwenye mashuka. Alicheka, nikacheka, gauni nikalishona mkono kwenye shingo. Sijafurahi hivyo tangu kitindamimba wetu aolewe.

Kisha kimya. Nikachungulia. Mama amefunua beseni. Mkono wake uko juu ya shina, anapapasa zile ncha kama mtu anayepapasa kichwa cha mjukuu. Akauliza nyasi zake zimefanya kosa gani hata zikafungwa, au zilisikia baridi?

Nilitoka nje sijui nimevaa kiatu gani. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, nachagua. Na hapo mume wangu, mtu wa maneno matano, akatokea mlangoni na kikombe na kusema yote matano: si ndizo zile za supu?

Basi nikamwaga kila kitu. Trei, vitunguu, flana, mkasi. Nilipofika kwenye kuziogesha, Mama alianza kutikisika. Nilipofika kwenye mume wangu akitafuna, akaangua kicheko, kikohozi kikamshika, ikabidi tumpige mgongoni. Akajifuta macho. Akauliza, na jina? Umelipata?

Nikamwambia. Festuka, Mama.

Akalisema polepole. Akalisema tena. Akasema miaka yote hiyo alikuwa akiziita "nyie". Akachuma ncha moja fupi, akaisokota, akalisema jina tena. Nilikaa chini kwenye kokoto karibu na miguu yake.

Kisha akasema alikwisha kuamua. Kwa binti yake kila akicheka anapimwa presha, na ile televisheni haimpi mtu nafasi ya kujibu. Cherehani yangu, ikifika mwisho wa mshono, inanyamaza kumsikiliza. Atahamia hapa. Angehamia hapa hata kama chini ya dirisha pangekuwa na matofali. Ila kwa sharti moja: niende mwenyewe kwa wifi nikamwombe radhi kwa ajili ya vitunguu, na nikome kutengeneza maneno. Neno la kweli, mwanangu, halina haja ya beseni.

Nikalia. Nikaahidi. Nikaahidi mbele za Mungu.

Jumatatu, 24 Machi

Mama amehamia. Kiti kinachojilaza kimekuja naye, zawadi ya wifi, kimeziba mlango wa jikoni na hakuna anayelalamika.

Kwa wifi nilikwenda Jumapili, kesho yake baada ya kuahidi. Alisikiliza mikono kiunoni. Nilipofika kwenye supu, mikono ikahamia kichwani. Kilichomchoma ni kwamba siku ile, kabla hatujala, alikwisha kuwagawia wauguzi wastaafu wenzake sehemu ya fungu lile pamoja na mapishi, na mmoja amempigia kusema mumewe sasa anapata choo vizuri. Hatujaamua kama tuwaambie. Tulicheka mpaka akanipima presha.

Amekubali Mama akae kwangu. Atakuwa anamchukua kutembea Jumapili. Nikasema bila shaka, wifi, ni mama yako.

Nyasi zimefika urefu wa kidole. Buluu tupu. Sigusi.

Jumamosi, 29 Machi

Kesho ndiyo Jumapili. Wifi amepiga simu asubuhi kusema anamchukua Mama baada ya ibada, na kwa kuwa atakuwa kule, alale tu mpaka Jumatano. Mpaka Jumatano! Nani atanisikiliza Jumatatu? Na Jumanne?

Sikudanganya. Nilimwambia tu Mama kwamba nadhani, kwa jinsi ninavyoziona, festuka zitatoa maua kesho mchana. Mara ya kwanza! Itakuwa pigo kubwa kutokuwepo. Mama akashangaa, akasema mapema hivyo? Nikasema udongo wetu una mbio.

Akakubali kubaki. Roho ikatulia. Kisha ikakosa kutulia, kwa sababu nilitoka kuzitazama na hazina dalili hata ya ua moja.

Sasa, kando ya mtaro kuna nyasi za porini zenye vimashuke vyembamba vizuri sana. Nilichuma vichache. Nikachukua sindano namba tisa na uzi wa kijani kibichi, nikavishikiza kwenye mashina, mshono wa siri, ule wa pindo la suti. Sikugusa nta, nilivaa glovu za wifi alizozisahau. Nimesogea nyuma, nimetazama. Jamani! Hata mimi mwenyewe sioni uzi. Ni kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na inaumiza kwamba siwezi kumwonyesha mteja.

Jioni hii Mama, kwa furaha yake, amempigia wifi simu kwamba yeye haendi, wao ndio waje kuona maua. Wifi anakuja na wauguzi wote wastaafu. Mume wangu naye, leo ndiyo siku aliyochagua kukumbuka kitu, amepitia nyuma ya kituo cha mafuta na kumwalika Profesa. Anasema Profesa alishtuka, akauliza maua kweli?, akasema anakuja na kioo chake cha kukuzia.

Nimepiga magoti kando ya kitanda. Nimeomba mvua. Mvua kubwa, yenye upepo, kuanzia mwisho wa ibada mpaka jioni. Nimemweleza Bwana kwamba ni kwa ajili ya wakulima.